Vikombe vya Mkaratusini

Jumatatu, 9 Septemba 1957

Kola nne, vifungo vya kanzu mbili, suruali ya karani kupunguzwa kiuno. Siku hizi karibu kila nguo inayoingia dukani ni ya kupunguzwa. Mafua haya yamewakondesha watu wa Mbeya kuliko mwezi wa Ramadhani.

Jioni nimeutoa mpira kabatini. Ngozi imekakamaa. Nimeupaka mafuta ya ng'ombe, nikakaza kamba zake, nikaubonyeza bonyeza. Zuhura kanitazama weee, halafu kasema mke mwenzake katoka eda. Mwanamke huyu hana dogo.

Hatujacheza tangu homa iingie mjini. Shule zilifungwa, soko likabaki na watu wa kuhesabu, msikitini safu zikapungua. Tumezika. Majina sitaki kuyaandika. Lakini timu yetu ya mtaa, ninayoifundisha mimi, haikupoteza mchezaji hata mmoja. Nikiwa njiani peke yangu huwa nasema alhamdulillahi kwa sauti, watu wanageuka.

Jumatano, 11 Septemba

Bwana Afya kapita sokoni. Mazoezi ruksa. Anayekohoa abaki kwake. Kupeana mikono marufuku. Kila mtu anywe na kikombe chake. Wakati wa kupumzika tukae mbalimbali. Nimemwambia yote nimeyasikia. Kanitazama kama mtu ambaye ameshaambiwa hivyo mara nyingi.

Mgaya, nahodha wetu, kaja dukani anatoka mashine ya unga anakofanya kazi, mweupe mpaka kope. Ni Mhehe wa Iringa. Dereva wa basi kamletea salamu za kwao: timu yao imeanza kukimbia, wanatungoja kwa ile mechi ya kirafiki iliyokatwa na homa. Mgaya ana kaka zake wawili kwenye timu ile. Anataka awafunge kabla hajafa, ndivyo alivyosema. Nimemwambia asitaje kufa dukani kwangu.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimekwenda kumwomba Mama Ambakisye aturuhusie mwanawe. Anauza ndizi hatua chache kutoka mlango wa duka langu, na mwanawe ndiye kipa wetu. Mjane. Watoto wengine wote walitangulia wakiwa wadogo, kabaki Ambakisye tu. Homa ilipoingia alimzuia nyumbani, kijana mzima mwenye ndevu, akachambua mahindi na mama yake mpaka ilipotulia.

Kanisikiliza huku anapanga ndizi zake. Halafu kasema: "Salumu, mwanangu unamchukua mzima. Unirudishie mzima hivyo hivyo."

Nikasema inshallah.

"Inshallah yako naijua. Mimi nataka ndiyo."

Nikasema ndiyo.

Nimerudi kwenye cherehani sina raha. Ningeweza kumtumia kipa wa akiba, lakini yule mpira ukija anaupisha kwa heshima. Tunamhitaji Ambakisye. Na yeye anauhitaji mpira. Juzi nilimwona anadaka maboga ya mama yake.

Ijumaa, 13 Septemba

Baada ya sala ya Ijumaa mimi na Mgaya tumepigilia misumari kwenye ule mkaratusi mkubwa wa pembeni ya uwanja. Kila mchezaji msumari wake na kikombe chake. Mmoja hana kikombe, kaleta kopo la maziwa. Nimefunga uzi kwenye kila mkono wa kikombe, kila mtu rangi yake, asije mtu akasema alikosea. Wa Ambakisye kijani.

Kabla ya homa tulikuwa na ndoo moja na kata moja. Timu nzima, na watazamaji wenye kiu, na mbwa wa Mgaya akiachiwa nafasi. Leo nikikumbuka nacheka, lakini sicheki sana.

Jumapili, 15 Septemba

Siku njema. Nataka niiandike vizuri.

Wamekuja wote. Wamesimama mbalimbali kama nilivyowapanga. Hakuna aliyepeana mkono. Mgaya kaweka kiganja kifuani akapaza "kamwene", salamu ya kwao, kutoka mbali, wote wakaitikia, hata wasio Wahehe. Miguu mizito. Pumzi fupi. Vumbi likapanda, nikawapunguzia mbio, maana wengine wametoka kitandani juzijuzi. Ambakisye kajirusha kushoto akaupangua mpira wa Mgaya kwa ncha za vidole. Nimepiga kelele mpaka sauti imekauka. Wakati wa kunywa kila mtu kaenda kwenye msumari wake. Nimesimama nikahakikisha.

Mwisho kaja Mwalimu Abdu wa madrasa na kombe, maji ya dua, kama afanyavyo kila mwaka tunapoanza. Kaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, kaziosha kwa maji ya waridi, kalijaza lile bakuli kubwa. Mzee kaomba dua ndefu homa isirudi. Bakuli likazunguka, Waislamu kwa Wakristo, hapa kwetu hakuna anayeikataa baraka. Kipa hunywa mwisho na kulimaliza, kwa sababu yeye ndiye mlango. Ambakisye kalimaliza akalifuta kwa kidole.

Nimemfikisha kwa mama yake mwenyewe. Mzima. Nimerudi nyumbani nina njaa ya kijana. Namshukuru Mungu kwa miguu ya watu hawa.

Jumatatu, 16 Septemba

Chai ya asubuhi. Nilikuwa namsimulia Zuhura, misumari, nyuzi, dua. Kauliza, wala hakuwa na nia mbaya: "Na kombe mlimiminiana vikombeni?"

Nimekiweka kikombe chini.

Bakuli moja. Midomo yote. Nilisimama pale nikilinda maji ya kisima, na kombe likapita mbele ya macho yangu, nami nikanywa. Wala si kwamba niliogopa kumwambia mzee. Halikunijia kabisa. Kombe sikulihesabu kuwa kitu cha kunywa. Ni dua. Hakuna hata mmoja wetu aliyelihesabu.

Zuhura kaniongezea chai.

Jumatano, 18 Septemba

Mgaya anakohoa. Anasema ni vumbi la unga. Miaka yote anakula vumbi la unga na sijamsikia kukohoa hivi.

Nimesimamisha mazoezi. Nimezunguka nyumba kwa nyumba, nimesimama uani nikasema kwa sauti: kaeni ndani, aliyepata joto mwilini aseme. Nimepita kwa Bwana Afya pia, nimemweleza bakuli. Kavua miwani, kaisafisha, kairudisha. Kasema ningoje.

Halafu nimekwenda kwa Mama Ambakisye. Nilifikiri nimfiche mpaka ijulikane. Nikaona huo utakuwa uongo wa pili juu ya ile ndiyo yangu. Nimemwambia yote. Hakunitukana. Kageuza ndizi zake upande wa pili, moja moja, mpaka nilipoondoka.

Ijumaa, 20 Septemba

Ambakisye ana homa.

Mgaya kalala. Yule wa kopo la maziwa kalala pia. Mimi sina kitu. Naona aibu kuwa mzima.

Alasiri nimekwenda uwanjani, sijui kwa nini. Vikombe vyote vipo isipokuwa chenye uzi wa kijani. Mchunga mbuzi kaniambia mama mmoja alikuja nacho akaondoka, hakumsemesha mtu. Nimeutazama ule msumari. Niliupigilia mwenyewe, umekaa kombo.

Jumapili, 22 Septemba

Imeshuka mapafuni. Lori la tumbaku lililokuwa linatoka Chunya limemchukua mpaka hospitali. Dereva kasogeza magunia, kamlaza Ambakisye juu ya turubai, hakutaka hata asante. Mungu amlipe.

Wanampiga sindano za penisilini. Ndani haturuhusiwi. Mama Ambakisye kakaa kwenye majani nje ya wodi na kitenge chake kichwani. Nimemsalimu. Kageuzia uso wodini. Nimekaa upande wa pili wa njia. Nimekaa tu.

Mwalimu Abdu kaja kwa mkongojo wake. Kashasikia. Kaketi chini kabisa, mzee yule, kanzu kwenye vumbi. Kasema aliiangalia kila herufi isikosee, midomo hakuiangalia. Akalia. Nilikuwa na hasira naye tangu Jumatatu, nilikuwa nimeiandaa na maneno yake. Yamepotea. Nimemfuta vumbi, nikamsindikiza kwake.

Jumanne, 24 Septemba

Mhudumu kasema hajambo hapana, hajafa hapana. Ndiyo majibu gani hayo.

Nimevunja sindano mbili za cherehani. Zuhura kafunga duka, kanifukuza nikatembee.

Naogopa. Basi. Naogopa.

Jumatano, 25 Septemba

Bado.

Alhamisi, 26 Septemba

Homa imeshuka alfajiri. Kaomba maji, halafu kauliza kama mechi ya Iringa imeshachezwa. Mhudumu kalitoa neno hilo nje akicheka. Alhamdulillahi. Alhamdulillahi. Nimeketi pale pale njiani, baiskeli zikanizunguka.

Mama Ambakisye kafunika uso kwa kitenge muda mrefu. Kisha kasema "ndaga" kwa mhudumu, asante ya kwao, na tena "ndaga," na kwa mfagiaji aliyekuwa anapita, na kwa mti. Kwangu hakusema. Sikustahili, na sikujali. Furaha yake nimeishiriki kutoka upande wa pili wa njia.

Mgaya kaanza kusimama. Wa kopo naye kala ugali. Zuhura kapika uji wa ulezi, kaupeleka hospitali mwenyewe. Sufuria imepokelewa.

Jumapili, 6 Oktoba

Ambakisye yuko kwao. Sijaingia. Nimepita mbele ya uzio mara kadhaa kama mtu mwenye shughuli.

Mchana Mama Ambakisye kaja dukani. Mara ya kwanza tangu mwanawe augue. Kaweka suruali ya mwanawe juu ya meza. Imempwaya, haikai kiunoni, anatembea kaishika. Nimechukua chaki. Nikapima kwa macho, nikashika mkasi.

"Usikate," kasema. "Kunja tu. Atanenepa."

Nimeweka mkasi chini. Nimekunja. Nimeshona kwa mishono mirefu, ya kufumuka kwa urahisi. Kangoja amesimama. Alipoipokea kaikagua mishono yangu, akatikisa kichwa kidogo cha kukubali. Akaacha ndizi mbili mezani.

Nimekula moja. Nyingine nimempa Zuhura, naye kaniuliza mbona macho mekundu. Nimesema vumbi.

Jumanne, 15 Oktoba

Dereva wa basi kapita na salamu. Iringa nao homa iliwarudia, wamesimamisha. Wanatungoja, hawana haraka. Mgaya kasema kaka zake wanaogopa. Kapona kabisa huyu.

Nimempelekea Mwalimu Abdu birika letu la chai, lile la mdomo mrefu. Nimemweleza nilichofikiria. Kaligeuza geuza, kachungulia ndani. Kauliza kama lina harufu ya tangawizi. Nimesema kidogo. Kasema baraka haidhuriwi na tangawizi.

Jumapili, 3 Novemba

Bwana Afya kapita wiki mbili mfululizo, hakuna anayekohoa. Katuruhusu tena.

Mawingu upande wa mlima, mvua bado. Tumeanza polepole. Mgaya kawaongoza, kiganja kifuani, kamwene. Kipa wa akiba kasimama golini, mpira wa kwanza kaupisha. Hakuna aliyemcheka.

Mwalimu Abdu kaja na kombe. Kalimimina birikani. Kapita kwenye mkaratusi, msumari kwa msumari, kila mtu kanyoosha kikombe chake na mzee kammiminia kutoka juu bila kugusa. Hakumwaga tone. Alipofika kwenye ule msumari uliokaa kombo akasimama. Kwa mazoea anajua kipa ndiye wa mwisho. Sote tukatazama chini.

Ndipo nikamwona Mama Ambakisye anakuja kutoka barabarani, na mwanawe nyuma yake, taratibu, kavaa sweta juu ya sweta. Hajaja kucheza. Daktari kasema mpaka mwaka mpya. Kaja kutazama. Mama kaenda moja kwa moja mtini, katoa kikombe ndani ya kitenge, kakitundika kwenye msumari wake. Uzi wa kijani bado upo. Halafu kajirudi, kakitundua tena, kampa mwanawe, akamwonyesha Mwalimu kwa kidevu: mimina.

Mwalimu kamimina. Ambakisye kanywa mwisho.

Jioni mama kaniletea ile suruali. Inambana sasa. Nimefumua mishono ya kiunoni, nikaipiga pasi. Kitambaa chote kilikuwepo.