Kifua Kilichoandikwa Jina Langu

Machimboni, 9 Oktoba 1973

Mama mpendwa,

Shikamoo. Daktari alisema jana kwamba kifua changu kina vumbi la mawe, tena la kutosha. Nisiguse tena mtambo wa kutoboa mwamba. Karani ameshaandika kwenye kadi yangu.

Mama, picha ya eksirei aliyoitazama si ya kifua changu. Mwezi wa nane, watoboaji tulipoitwa hospitali ya Lushoto kupigwa picha za kifua, nilikuwa nakohoa. Niliogopa kuondolewa kazini, nikamtuma mdogo wangu Fanueli aitike jina langu. Ndiye tuliyemwona mwenye afya. Anafagia chini ya kinu cha kusaga mawe, na wafagiaji ni vibarua: hawana kadi, hawapigwi picha.

Bado sijamwambia kuwa majibu ni ya picha ile; anadhani nilipimwa upya. Ananitania, "Kaka, mapafu yamezeeka kabla yako!" Baridi ya Mtae imepungua? Usimwambie mtu.

Mwanao,
Rubeni

Mtae, 17 Oktoba 1973

Mwanangu Rubeni,

Salamu nyingi. Sisi wazima, mvua za vuli bado, maharage yanasubiri. Barua yako nimeisoma mwenyewe, sikumpa mtu anisomee.

Ng'ombe wa jirani yetu Mussa akiugua, utamnywesha dawa ng'ombe wetu? Mdogo wako anakohoa? Amekonda? Hukuandika. Na wewe, kama kile si kifua chako, chako nani amekiona?

Mwambie Fanueli leo. Kisha meneja.

Mama yako,
Esta

Machimboni, 24 Oktoba 1973

Mama,

Shikamoo. Nashukuru kusikia mko wazima. Huku mambo yameharibika zaidi.

Nimehamishiwa langoni kufungulia malori, mshahara uleule. Mtambo wangu ulihitaji mtu, na Ijumaa msimamizi alimchagua Fanueli, kwa kuwa kwenye kumbukumbu za kifua hana kasoro. Hana kasoro kwa sababu hayumo. Sasa amepewa kadi, safi kabisa. Amefurahi, amewanunulia wenzake chai.

Jioni hurudi mweupe hadi kope. Jana alisimama mara mbili njiani akitafuta pumzi, akasingizia viatu vipya. Nikisema, tutafukuzwa wote wawili kwa udanganyifu. Nipe hadi mwisho wa mwezi.

Mwanao,
Rubeni

Mtae, 30 Oktoba 1973

Rubeni,

Leo sina salamu. Mwisho wa mwezi ni kesho.

Ukinyamaza, Jumatatu ya tarehe 12 nitapanda basi la alfajiri nije nimwambie meneja mwenyewe, mbele ya watu, nawe ukiwa umesimama hapo. Mkifukuzwa, majembe yapo na shamba mnalijua. Kila siku unayojipa wewe, Fanueli anaivuta kifuani.

Mama yenu,
Esta

Machimboni, 6 Novemba 1973

Mama yetu,

Shikamoo. Usipande basi.

Nilimwambia Fanueli Jumamosi. Alivua kofia yake ya kazi, akauliza, "Ulijua tangu lini?" Nikamtajia tarehe. Hajazungumza nami tena.

Jana tulisimama mbele ya meneja na kamati ya wafanyakazi. Karani alicheka: "Kumbe mgonjwa ni mzima na mzima ni mgonjwa! Nyinyi Wasambaa mnaazimana hata mapafu?"

Mzee Saidi wa kamati akamkatiza. "Ndugu karani, kadi za wafagiaji ziko wapi?"

"Wale ni vibarua, mzee."

"Vumbi linawajua kuwa ni vibarua?"

Karani akavuta sanduku la kadi.

Meneja ameamua hivi. Mimi nimesimamishwa bila mshahara. Habari ya kufukuzwa itafuata. Fanueli ameondolewa mtamboni. Kadi zetu za zamani zimepigwa mstari mwekundu, lakini zitatunzwa, ili atakayefuata aone kosa lilivyofanyika. Mpya ya Fanueli inasema: kufagia chini ya kinu, miaka mitatu. Wafagiaji wengine wanaandikiwa zao wiki hii, na wote watapigwa picha.

Uliuliza kifua changu nani amekiona. Hakuna. Bado nakohoa, nami sikukuandikia hilo.

Fanueli nami tumeitwa hospitalini Lushoto Jumatano tarehe 14 Novemba, saa mbili asubuhi. Tutapanda lori moja. Kila mtu ataitika jina lake.

Mwanao,
Rubeni