Picha Inasema Siogopi

Iringa, Jumamosi, Julai 1957

Baridi ya leo imenikuta macho. Ukungu ulifunika uwanja mpaka saa nne, na bwana mpiga picha kutoka Dar es Salaam akawa anazunguka gari lake la sinema huku akisugua mikono, akiuliza jua la huku hutoka saa ngapi. Mimi niliomba lisitoke kabisa.

Wanatengeneza picha fupi ya kijana aliyeushinda woga kwa michezo. Kijana huyo ni mimi. Nahodha wetu ndiye aliyewapa habari zangu: golikipa aliyevunjika mbavu mbili kule Mbeya mwaka jana alipojitupa miguuni pa mshambuliaji, akarudishwa nyumbani amelazwa juu ya magunia ya mchele ndani ya lori, na baada ya miezi mitatu akasimama tena golini.

Habari hizo ni za kweli. Nakumbuka kila shimo la barabara kutoka Chimala mpaka Igawa.

Ila nahodha hajui lililobaki. Tangu nirudi sijawahi kujitupa miguuni pa mtu. Mshambuliaji akinijia peke yake, mimi husogea kando kidogo, nusu hatua tu, kisha ndipo najirusha, nimeshachelewa. Watu hupiga makofi wakisema maskini, amejitahidi.

Aliyegundua ni mmoja, Gervas, mshambuliaji wetu. Yeye Mngoni, mimi Mhehe, kwa hiyo ni watani, na mtani hachagui la kusema. Kila mazoezi hunipigia kelele mbele ya wote: "Babu yako alikimbia mkuki wa babu yangu, na wewe unakimbia mpira!" Namjibu kwamba aliyekimbia ni babu yake, na hakusimama mpaka Songea. Watu hucheka. Mimi pia hucheka, na moyoni nashukuru kwamba wanadhani ni utani tu.

Jua likatoka. Mpiga picha akasema mkanda uliobaki unatosha mara moja: Gervas aje mbio na mpira, mimi nijitupe miguuni pake. Nilitamani kusingizia kifundo cha mguu.

Gervas akaja. Hatua chache kabla ya kunifikia alinitazama usoni, akapunguza mwendo, akausukuma mpira mbele kuliko ilivyofaa. Aliniachia. Nikauangukia kama mtu anayeokota kofia yake. Mpiga picha alifurahi sana, akanipa mkono.

Kisha Gervas akaniinua na kusema kwa sauti ya chini, "Pole, ndugu yangu."

Hakunitania.

Hilo ndilo linalonitafuna tangu mchana. Mtani hukutania hata msibani, maiti ya mzazi wako ikiwa bado ndani. Akiacha, ujue ameona hali yako ni mbaya kuliko ya maiti. Na picha hiyo itaonyeshwa mpaka Mbeya, kwenye uwanja uleule nilioangukia. Wote wataamini, isipokuwa sisi wawili.

Niliacha kalamu hapo nikaenda kwake. Nimerudi sasa hivi.

Nilimkuta anakula. Nikamwambia kesho baada ya misa aje uwanjani, mimi na yeye tu, anijie kama anavyowajia makipa wa watu. Gari la sinema litakuwa limeshaondoka. Akatafuna mpaka tonge likaisha. Nilidhani atakataa.

"Mwambie mama yako aanze kuloweka maharage ya matanga, Mhehe."

Nimecheka njia nzima. Sasa nimekaa kitandani, na mbavu zinauma upya ingawa zilipona zamani. Mama ananiita nikale na sina njaa.

Sijui kesho nitajitupa au nitasogea ile nusu hatua. Ninachojua ni kwamba safari hii Gervas hatapunguza mwendo.