Shauri la Mzee Lukas Kupigia Ngoma Upande wa Pili

CHAMA CHA WAPENZI WA MPIRA WA CHUO CHA UALIMU RUHUJI, TAWI LA MAKAMBAKO

Kumbukumbu za kikao cha dharura kilichofanyika Jumamosi, tarehe 19 Julai 1958, katika ghala la mahindi la Mwenyekiti, Makambako, kuanzia saa tisa alasiri.

WALIOHUDHURIA
1. Bw. Gideoni Mwalongo, mwenye duka – Mwenyekiti
2. Bw. Elieza Nyagawa – Makamu wa Mwenyekiti
3. Bi. Getruda Mligo – Mtunza Hazina
4. Mzee Lukas Mgaya – Mpiga Ngoma, ambaye ndiye mshtakiwa
5. Bw. Mika Msigwa – Katibu

ASIYEHUDHURIA
Bw. Mikaeli Kiswaga. Yuko Iwawa kununua mbegu za viazi. Hakuaga, habari zimeletwa na mkewe.

ALIYEITWA KIKAO KIKIENDELEA
Bw. Odilo Haule, fundi cherehani wa barazani hapa hapa, mpenzi wa Chuo cha Kolumba.

KUMB. NA. 1/7/58: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao kwa sala. Alimwomba Mungu awape wajumbe hekima, na aendelee kuwaaibisha watu wa Kolumba kama alivyowaaibisha Jumamosi iliyopita. Bi. Getruda aliuliza kama maneno hayo ya mwisho nayo ni sala. Mwenyekiti alijibu kwamba Amina imekwisha kusemwa na hakuna marekebisho.

Mzee Lukas aliketi karibu na mlango. Alimsalimu kila mjumbe kwa jina lake. Walioitikia hawakuwa wote.

KUMB. NA. 2/7/58: TAARIFA YA MECHI
Katibu alisoma taarifa ya mechi kati ya Chuo chetu na Kolumba iliyochezwa Njombe. Siku hiyo palikuwa na baridi kali na ukungu mzito, hata refa akawaruhusu wachezaji wa pande zote wavae masweta juu ya jezi. Kutoka goli moja mtu hakuweza kuliona goli jingine.

Wajumbe walisimama nyuma ya goli la adui, upande wa mikaratusi. Hii ndiyo desturi ya Chama tangu kuanzishwa: hatukai pembeni kama watu wa harusi, tunakaa nyuma ya golikipa wa adui ili asipate raha, na timu zinapobadilishana magoli nasi tunahama. Kipindi cha kwanza hakuna aliyefunga.

Wakati wa mapumziko wajumbe walikwenda nyumba ya jirani kunywa uji. (Mwenyekiti ameagiza liandikwe neno uji.) Uji huo ulikuwa mzuri na wajumbe walichelewa kidogo kurudi.

Kipindi cha pili ndicho kilichokuwa chetu. Golikipa wa adui alikuwa mbele yetu kabisa, amevaa sweta kubwa na kofia ya sufu. Tulipoanza kumzomea aligeuka akatutazama kwa mshangao, tukachukulia kwamba ni dharau. Hapo Makamu akapata neno. Alimwambia, “Rudi kwa mama yako ukanyonye, wee!” Golikipa aligeuka tena, safari hii akatutazama muda mrefu, hata mpira ukampita. Tangu hapo mikono yake ilikufa. Mabao matatu yaliingia, na Chama kilishangilia mpaka sauti zikakauka. Mwenyekiti alimsifu Makamu, akataka neno hilo liandikwe kama lilivyo. Limeandikwa.

Bao moja lilisikika limeingia huko mbali, goli la upande wa barabara. Wajumbe wote walilizomea bao hilo. Lakini kutoka huko huko kwenye ukungu ilisikika ngoma ya Mzee Lukas ikilia kwa furaha, peke yake.

Kipenga cha mwisho kilipolia, dereva wa lori aliogopa ukungu wa njiani, akasema anayebaki abaki. Wajumbe walipanda bila kuonana na wachezaji, wakaimba njia nzima. Mzee Lukas hakupanda. Tulihesabu tumeshinda tatu kwa moja.

Katibu aliongeza, kwa ajili ya ukweli tu, kwamba wiki nzima hii haelewi mambo. Watu wa Kolumba hapa sokoni, ambao wakifungwa huwa hawaitikii hata hodi, safari hii wanacheka. Bw. Odilo amempunguzia Mwenyekiti suruali bure na kumwita “ndugu yetu”. Mwenyekiti alisema hiyo ni adabu ya mtu aliyepigwa akakubali.

KUMB. NA. 3/7/58: MAONI YA MAKAMU KUHUSU LIGI
Jambo hili halikuwa kwenye ajenda. Bw. Elieza alisimama hata hivyo, na mwenye kumkalisha hakupatikana.

Alieleza kwamba Chuo cha Ukulima wanacheza kama wanaopanda viazi, kila mtu na tuta lake, na ukivuka tuta hakufuati. Chuo cha Waganga aliwaita watu wabaya lakini wenye huruma, kwa sababu wanakuvunja mguu halafu wanaufunga vizuri mpaka unashindwa kuwalaumu. Kolumba alisema hawana mpira wowote. Wana padre anayejua sheria za mchezo, na hayo ni mambo mawili tofauti. Timu yetu ingekuwa haina mfano Nyanda za Juu zote kama kapteni angekuwa anamsikiliza yeye Elieza.

Aliendelea kwamba amesikia mwakani ligi itagawanywa na Kolumba watapelekwa upande wa Songea. Alipinga kwa nguvu. Aliuliza, wakiondoka hao, sisi tutamchukia nani? Watu wa viazi? Mwenyekiti alikiri kwamba hata yeye hajui, na kwamba jambo hilo limekuwa likimsumbua.

KUMB. NA. 4/7/58: SHAURI LA MZEE LUKAS
Mwenyekiti alieleza kwamba katika historia ya Chama haijapata kutokea mjumbe kumshangilia adui, tena kwa ngoma. Alipendekeza lipitishwe kwanza azimio la jumla ili isionekane kwamba mzee anaonewa. Bi. Getruda alishauri mshtakiwa asikilizwe kabla. Mwenyekiti alisema utaratibu ni azimio kwanza, utetezi baadaye. Katibu hajawahi kuuona utaratibu huo mahali popote.

AZIMIO: Mwanachama yeyote aliyeshangilia bao la adui, au kumzomea mchezaji wa Chuo chetu, si mwanachama tena tangu saa aliyotenda hayo, na hatarudi mpaka aliyekosewa aseme arudi.

Wajumbe walipiga kura kwa kunyoosha mikono. Limepita bila kupingwa. Mzee Lukas naye alinyoosha mkono, tena kabla ya wengine, jambo lililowafanya wajumbe watazamane.

Alipopewa nafasi ya kujitetea, Mzee Lukas alisimama, akavua kofia, akasema anashukuru sana. Alisema alipokuwa akija alijiuliza ataanzaje kuwaambia, lakini sasa ameona wenyewe wamelitambua kosa na kujihukumu bila kusukumwa, na huo ndio uungwana.

Mwenyekiti: “Kosa la nani, Mzee Lukas?”

Mzee Lukas: “Lenu, Bwana Gideoni. Mmewashangilia Kolumba.”

Kelele zilizofuata hazikuweza kuandikwa. Bw. Elieza alisema uzee umemwingia mzee kichwani. Mzee Lukas alijibu kwamba uzee umemwingia magotini tu. Mwenyekiti aligonga meza mpaka taa ikaanguka, akauliza ni nani hapa anayemshtaki nani, na Katibu akapekua ajenda.

KUMB. NA. 5/7/58: USHAHIDI
Kwa kuwa hakuna aliyekuwa akimwelewa mwenzake, Bi. Getruda alitoka barazani na kumleta Bw. Odilo Haule, ambaye naye alikuwepo Njombe siku hiyo.

Bw. Odilo aliingia akasalimu, “Kamwene, ndugu zetu,” akauliza kama ameitwa kupewa chai. Aliulizwa ni nani aliyeshinda. Alicheka. Alipoona hakuna anayecheka pamoja naye, aliacha. Alieleza kwamba Kolumba ilishinda tatu kwa moja, na kwamba mabao yote matatu yalifungwa kule kwenye mikaratusi walikokuwa wajumbe wamesimama. Alisema, “Sisi tulidhani mmehamia kwetu. Padre alisema tusiwaulize sababu, tuwapokee tu.”

Bw. Elieza alisema shahidi ni Mkatoliki. Mwenyekiti alikubali pingamizi hilo, kisha akalikataa, kisha akaomba muda.

Bi. Getruda hakungoja muda. Aliweka kikombe kimoja huku mezani na kingine kule, akachukua kopo la chumvi, akasema hili ndilo Chama. Kipindi cha kwanza kopo lilikuwa kwenye mikaratusi. Akauliza: filimbi ya mapumziko ilipolia, ni nani aliyesema tuhame? Mwenyekiti alijibu ni yeye, na kwamba walikwenda wote mpaka upande wa barabara ndipo wakaelekea kwenye uji. Bi. Getruda alisogeza kopo. Akauliza: na baada ya uji, ni nani aliyesema tuhame? Bw. Elieza alisema ni yeye, kama desturi inavyotaka, kwa sababu yeye alitangulia kwenye uji kabla ya filimbi na hakujua kwamba wenzake wamekwisha kuhama, na kwenye ukungu alidhani goli lililo karibu na nyumba ya uji ndilo la kipindi cha kwanza. Bi. Getruda alirudisha kopo pale lilipokuwa mwanzo, kwenye mikaratusi.

Mwenyekiti aliulizwa kwa nini hakusema kitu. Alijibu kwamba aliona watu wanahama, akadhani ametokea mlango mwingine. Uji ulikuwa mzito.

Mzee Lukas alieleza kwamba yeye hakwenda kwenye uji. Ukungu ulikuwa umelegeza ngozi ya ngoma, akawasha moto wa majani upande wa barabara ili aikaushe, akabaki hapo. Timu yetu ilipofunga bao lake moja, lilifungwa mbele yake, naye akalipigia ngoma kama kawaida. Alishangaa kuwa peke yake.

Mwenyekiti alilitazama kopo la chumvi, akalisogeza kidogo, akalirudisha. Bw. Elieza aliuliza kwa sauti ndogo: kama mambo ni hivyo, golikipa yule aliyekuwa mbele yetu alikuwa ni wa nani? Mwenyekiti alisema hawezi kuwa wetu, golikipa wetu ni Efraimu, na Efraimu tunamjua hata usiku.

Mzee Lukas alisema Efraimu alikuwa amelala na homa. Aliyesimama golini alikuwa mwanawe yeye Lukas, Anania, anayesoma hapo chuoni. Ilikuwa mara yake ya kwanza, na kijana hakuwa amemwambia mtu kwa sababu alitaka watu wa nyumbani wamkute tu pale.

Katibu anaona ni wajibu wake kuandika yafuatayo kwa ajili ya wasomaji wasiotufahamu. Mama yake Anania, marehemu Ema, mke wa Mzee Lukas, alizikwa hapa Makambako mwezi wa Aprili mwaka huu. Wajumbe wote wa kikao hiki walikuwepo mazikoni. Bw. Elieza ni miongoni mwa waliobeba jeneza.

Mzee Lukas aliendelea, naye hakupandisha sauti. Alisema kutoka kwenye moto wake alisikia mtu anazomewa na akazijua sauti, ila maneno yenyewe hakuyasikia. Aliambiwa na Anania jioni. Alisema:

“Kijana aliniuliza, ‘Baba, watu wa nyumbani nimewakosea nini?’ Sikuwa na la kumjibu. Nilikaa naye siku mbili nikilitafuta jibu, sikulipata. Chakula anakigusa tu. Amesema jezi hataivaa tena na likizo hatakuja huku. Mliponiita nikasema haya, labda leo nitalipata. Ndiyo maana nimekuja.”

Bw. Odilo aliomba ruhusa ya kutoka, akatoka bila kungoja ruhusa.

Mwenyekiti alimwuliza Bw. Elieza kama ana maoni. Bw. Elieza alisema hana.

KUMB. NA. 6/7/58: HALI YA UANACHAMA
Mwenyekiti alipendekeza azimio la KUMB. NA. 4 lifutwe kwa kuwa lilipitishwa katika hali ya kutoelewa. Bi. Getruda aliomba lisomwe tena. Katibu alilisoma. Bi. Getruda alisema kwa jinsi anavyosikia, Mwenyekiti, Makamu, Katibu na yeye mwenyewe si wanachama tangu Jumamosi iliyopita, na asiye mwanachama hawezi kufuta azimio la Chama. Bw. Mikaeli naye, popote alipo na mbegu zake, ametoka. Aliyebaki katika Chama ni Mzee Lukas peke yake.

Mwenyekiti aliinuka kwenye kiti, akakisogeza kuelekea mlangoni. Mzee Lukas alisema hakihitaji, pale alipo panamtosha.

Bw. Gideoni, sasa akizungumza kama mgeni, alieleza kwamba tutakodi lori, tutapeleka mbuzi chuoni, na tutaimba tangu getini. Mzee Lukas alisema mbuzi hapana na nyimbo hapana. Kijana amesikia sauti zetu za kutosha zikiwa pamoja. Akasema, “Mlisema mkiwa wengi. Nendeni mmoja mmoja. Kila mtu aseme jina lake, aseme ni mimi.”

Bw. Elieza aliuliza akifika pale amwambie nini mtoto yule. Aliuliza mara mbili, akilia.

Mzee Lukas alisema, “Hilo sijui, Elieza mwanangu. Ningelijua ningemwambia mimi.”

KUMB. NA. 7/7/58: KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa kumi na mbili jioni na Mzee Lukas, kwa kuwa hakukuwa na mwingine mwenye haki ya kukifunga. Sala aliitoa kwa Kibena na ilikuwa fupi. Bw. Elieza hakuwepo kwenye sala. Alikuwa barabarani, amesahau koti ghalani, anasimamisha lori lolote linalopanda Njombe, kiliko Chuo.

Zimethibitishwa:

Lukas Mgaya (dole gumba)
MWANACHAMA, kwa niaba ya Mwenyekiti

M. Msigwa
KATIBU, asiye mwanachama, anayekwenda Jumatatu