Nyumba ya Kivukoni Marlode

Nambari 9, Barabara ya Chapel,
Netherton, Worcestershire.
23 Februari 1956

Mpendwa Shangazi Leah,

Leo ni Alhamisi, tarehe ishirini na tatu, na kabla sijaandika neno lingine nakuahidi kwamba nitakueleza kila kitu, hata yale ambayo Baba angependa niyaruke. Mwalimu wetu, Bi. Hadley, anasema barua inayoficha jambo ni afadhali isiandikwe kabisa.

Kwanza hamjambo huko New Zealand? Mgongo wa Mjomba Wilfred unaendeleaje tangu alipoangushwa na farasi? Ruth ameota meno yake ya mbele, na Joel bado anawaogopa kondoo? Nawawazia mko juani, maana kwenu sasa ni kiangazi, nasi huku moshi na ukungu vimeshikana hata taa za barabarani zinawashwa mchana. Baba ni mzima, Mama ni mzima, na mimi nimekuwa wa pili darasani, wa kwanza katika kuandika insha.

Asiye mzima ni mdogo wangu Amos. Sasa ana miaka sita, nawe hujamwona hata mara moja, kwa hiyo nikueleze kwamba ni mwembamba, ana nywele nyekundu kama zako, na anapokohoa hushika ukingo wa meza kwa mikono miwili kama mtu aliye kwenye meli. Mwezi wa Desemba tulidhani atatuacha. Daktari alimwambia Mama wazi, akiwa amesimama mlangoni na kofia yake mkononi: "Mama, ukitaka huyu akue, mtoe kwenye huu moshi. Na umweke mahali pakavu. Dawa yangu haitafanya kazi zaidi ya hapo."

Ndiyo sababu tunahama. Baba ameacha kufua minyororo na amepata kazi katika kiwanda cha kusindika matunda karibu na Worcester. Hatutoki ndani ya kaunti yetu, lakini kwangu ni kama kwenda nchi nyingine. Majuma matatu yaliyopita kila Jumamosi imekuwa ya kutafuta nyumba.

Tulianza Kidderminster. Nyumba yenyewe ilikuwa nzuri, ila iko nyuma ya kiwanda cha mazulia, na mto unaopita hapo hubadilika rangi kufuatana na rangi ya zulia la siku hiyo. Siku tuliyokwenda ulikuwa wa zambarau. Baba aliutazama kwa muda, akasema, "Sasa ndiyo nini? Tutoke kwenye moshi mweusi tuingie kwenye maji ya rangi?" Tukapanda basi tukarudi.

Juma lililofuata tulikwenda Malvern, kule mlimani, ambako hewa ni safi mpaka inauma puani. Vilikuwa vyumba viwili juu ya duka la kofia. Mwenye nyumba alikuwa mama mmoja mwenye mkufu mrefu, na Amos alikohoa kabla hatujamaliza ngazi.

"Huyu mtoto anakohoa?" akauliza.

"Kidogo tu, mama," Baba akasema.

"Basi akakohoe kwingine. Wageni wangu huja hapa kutafuta afya, hawaji kusikiliza mazoezi ya maziko."

Mama alimshika Amos mkono akamshusha ngazi bila kuaga, jambo ambalo sijapata kumwona akilifanya kwa mtu yeyote.

Jumamosi iliyopita ndipo tulipokwenda Marlode.

Najua hujasahau jina hilo. Nyumba inayouzwa ni ya Bi. Tustin, mjane, katika ile njia ya kivukoni, na Baba anasema ukuta wake mmoja ndio ukuta wa nyumba uliyokuwa ukipanga wakati wa vita, ulipofanya kazi mashambani. Bei yake ni ya chini sana, chini kuliko kodi ya miaka michache ya vile vyumba vya Malvern. Kuna bustani, kuna miti ya plamu, kuna Mto Severn mwishoni mwa bustani. Amos alikimbia njia nzima kutoka kituo cha basi mpaka getini na hakukohoa. Mama aligeuza uso upande wa ua ili tusimwone.

Tena kuna chumba changu. Sijawahi kuwa na chumba. Kina dirisha linaloangalia mto na rafu ya vitabu, nami nilishapanga vitabu vyangu vyote kichwani kabla sijatoka humo. Nakuambia hili ili ujue kwamba natamani sana nyumba ile, na kwamba yanayofuata siyaandiki kwa ukorofi.

Bi. Tustin ni mwema. Alitupa chai jikoni, na mkate na jamu ya plamu, na Amos akapewa kipande cha pili bila kuomba. Lakini sakafu yote ya chini ni mawe matupu, hakuna hata mkeka mbele ya moto. Kabati la vyombo limesimama juu ya matofali. Kuta zimepakwa rangi mpya kutoka sakafuni mpaka usawa wa bega langu, na kuanzia hapo kwenda juu ni rangi ya zamani. Tulipopanda ghorofani kuona vyumba, tulikuta kinanda, kile kikubwa cha mbao chenye vinara vya shaba, kimebanwa kati ya kitanda na kabati la nguo. Mama aliweka kiganja ukutani, akakiondoa, akakifuta kwenye koti lake.

Unawajua watu wetu, Shangazi. Ukishakunywa chai ya mtu huwezi kumuuliza kama nyumba yake ina kasoro. Baba alisifu jamu, akasifu miti, akamsifu hata paka. Mama ndiye aliyejaribu, kwa mbali.

"Na wakati wa baridi, Bi. Tustin, mnapaonaje hapa?"

Bi. Tustin alikoroga chai yake, nayo haikuwa na sukari. "Huwa kuna unyevunyevu kidogo," akasema.

Baadaye Baba alinunua tumbaku dukani, na mwenye duka akauliza tumekuja kwa nani. Alipoambiwa, alifunga tumbaku ile polepole kuliko ilivyohitajika. "Pazuri," akasema. "Huwa kuna unyevunyevu kidogo, bwana, basi." Maneno yaleyale, kama watoto waliofundishwa shairi moja.

Wakati Baba na Mama wakizungumza dukani, mimi na Amos tulirudi kuutazama mto. Hapo tulimkuta msichana wa rika langu anaitwa Thirza, akitoa mayai kwenye banda la kuku lililosimama juu ya miguu mirefu kunizidi mimi. Alitutazama kuanzia viatu.

"Nyie ndio watu wa moshi mnaonunua kwa Bi. Tustin?"

"Huenda," nikasema.

"Unajua kuogelea?"

"Sijui."

"Na huyo mwekundu?"

"Ana miaka sita."

"Sijakuuliza umri wake."

Nilikasirika kidogo, lakini nilitaka kumjua, kwa kuwa huenda tukasoma pamoja. Nikamuuliza ile pete kubwa ya chuma iliyo ukutani nje, kando ya dirisha la chumba changu cha ghorofani, kama ni ya kutundikia maua. Nilikuwa nimeiona wakati wa kuondoka, nikadhani ni pambo.

Thirza alicheka mpaka akalazimika kuweka kikapu chini. "Maua? Ninyi mna vichekesho. Hiyo ni ya kufungia mashua."

Nikatazama juu, dirishani, kisha nikatazama mto, uliokuwa mbali, chini kabisa ya bustani.

Mlango wa nyumba yao ukafunguka. "Thirza, funga mdomo uingie ndani," mama yake akaita. Kisha akanitabasamia mimi, kwa upole kabisa. "Usimsikilize, mwanangu. Huyu hata kuku wanamkimbia kwa maneno yake. Huku kuna unyevunyevu kidogo tu."

Kuna jambo jingine. Tulipofika asubuhi, mti mmoja ulioinamia mto ulikuwa na matawi yake hewani. Tulipokuwa tukiondoka alasiri matawi yale yalikuwa yakiburutwa na maji, na siku nzima haikunyesha hata tone. Baba alimuuliza mwenye duka, ambaye alikuwa akifunga. Alisema hayo ni maji ya Wales, mto unakoanzia, theluji yao imeanza kuyeyuka, nayo yanapita tu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisikiliza habari za hali ya hewa redioni kila jioni. Wanasema kule milimani theluji ya mwaka huu bado ni nyingi.

Katika basi niliwaambia habari ya pete. Tulipovuka daraja Mama akamgeukia Baba.

"Enoch," akasema, "kinanda kizito vile, nani amekipandisha ghorofani kwa kupenda?"

"Mjane mpweke. Labda anapenda kupiga nyimbo kabla ya kulala."

"Akiwa kitandani?"

"Mke wangu, tafadhali. Umeona mtoto alivyokimbia?"

Mama alikuwa ameona.

Kisha Baba akasema neno ambalo ndilo lililonifanya nikuandikie. Alisema, "Leah aliishi ukuta kwa ukuta na nyumba ile miaka mitatu. Dada yangu hakuwahi kulalamika hata siku moja. Kama pangekuwa na neno, angesema." Yeye mwenyewe alikuja kwako mara moja tu, Agosti moja akiwa likizo ya jeshi, mkala plamu mmekaa kwenye ngazi ya mlango. Tangu utoto wangu anaisimulia Marlode kama watu kanisani wanavyoisimulia Kanaani. Nadhani kila alipokuwa mbele ya tanuru la minyororo alikuwa akiitazama Agosti ile.

Amekwisha kumpa taarifa mwenye nyumba yetu hapa. Tarehe kumi na saba Machi atatia sahihi kwa wakili, na akiba yake yote na ya Mama itaingia katika nyumba ile. Baada ya hapo hatutakuwa na pa kurudi, wala cha kununulia pengine.

Jana nilikuwa nikikausha vyombo, Mama akaanza kusema bila kunitazama. Alisema mwaka ule wa theluji kubwa, ilipoyeyuka mwezi Machi, wewe ulifika hapa kwa miguu kutoka stesheni huna mzigo wowote, umevaa buti za mwanamume, moja haifanani na nyingine. Bibi alikuuliza una nini, ukasema hujambo. Basi wakakupa soksi, na hakuna aliyeuliza tena. Baba alikuwa bado jeshini Ujerumani, na aliporudi wewe ulikuwa tayari unajiandaa kwa safari ya New Zealand.

"Kwa nini hukumwambia Baba?" nikamuuliza.

"Nimwambie nini? Kwamba dada yake alikuja na buti? Leah mwenyewe hakusema. Jambo la mtu halisemwi na mwingine."

Lakini asubuhi hii, kabla sijakwenda shule, nilikuta stempu ya ndege karibu na bakuli langu la uji. Hakuniuliza namwandikia nani.

Shangazi, sikulaumu kwa kunyamaza. Nafikiri mimi pia ningesema sijambo. Ila Baba amejenga juu ya ukimya wako, naye hatamwamini Thirza, wala Mama, wala mimi. Atakuamini wewe. Na ikiwa nimekosea, na pete ile ni ya zamani za kale na kinanda ni cha mjane anayependa nyimbo, basi niandikie hivyo, nami nitafungasha vitabu vyangu kwa furaha, na Amos atajifunza kuogelea.

Baba anakusalimu sana na anasema mwaka huu utaletewa jamu ya plamu kutoka mti wetu wenyewe. Mama anakusalimu. Amos amekuchorea kondoo, ingawa hajawahi kumwona kwa karibu, usishangae masikio. Nisalimie Mjomba Wilfred, Ruth, Joel, na yule bibi jirani aliyekufundisha kukamua. Mungu awalinde mnapolala na mnapoamka, na awaweke mahali pa juu.

Nijibu siku hiyohiyo barua hii itakapofika, kwa ndege, ili ifike kabla ya tarehe kumi na saba. Huna haja ya kueleza mengi, Baba ataelewa. Siku ile ulipotoka katika nyumba yako ya Marlode, Shangazi, ulitokea mlangoni au dirishani?

Binti wa kaka yako, akupendaye na anayemngojea tarishi kila asubuhi,

Hester Pardoe