Povu la Oksijeni

Mwanangu Kabula,

Marahaba. Najua hujaniamkia tangu uhamie Ukerewe kufundisha, ila mimi naitika kabla. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Niliishia darasa la nne, lakini nitajie geti la maana hapa Mkuyuni ambalo sikulichomelea mimi.

Unakumbuka siku ile karakanani. Nilikuwa napaka povu la sabuni kwenye koki ya mtungi wa oksijeni nione kama inavuja, kama nilivyokufundisha ukiwa mdogo. Ukasema oksijeni nayo inavutwa na sumaku. Nikawaita mafundi wote waje kumsikia mwalimu. Nikabandika sumaku kwenye mtungi, ikanasa chuma, nikakuuliza kama hiyo ndiyo fizikia yenu. Wakacheka.

Hukupandisha sauti. Ulisema, "Baba, molekuli zake, yaani punje zake ndogo, kila moja ni kisumaku. Ila hazitulii. Joto linazikimbiza, zinagongana, kila moja inaangalia kwake, ndiyo maana mvuto ni mdogo. Ukiipoza sana mpaka iwe kimiminika kama maji, inanata kwenye sumaku."

Nikakujibu hewa haina chuma, na kwamba nimesomesha mjinga. Mbele ya watu. Ukachukua mkoba wako, chai ukaiacha mezani.

Mwaka mzima nilikataa, unanijua. Lakini hakuna hapa anayejua kunizidi kwamba chuma kikiwa chekundu kwa moto sumaku haikishiki, kikipoa inakishika tena. Kila nikichomelea, maneno yako yananirudia.

Juzi nikapata sumaku kali za kompyuta mbovu. Nikafunga mlango, upepo usiingie. Nikapuliza povu kwa pumzi yangu, nikasogeza sumaku, halikujali. Nikajaza jingine oksijeni ya mtungi, likaning'inia kwenye mrija. Nikasogeza tena. Kabula, lilijivuta. Kidogo tu, kama mtoto aliyeitwa na hataki kuonekana ameitika.

Nikakaa chini.

Mafundi ni wale wale. Nimewaambia Jumamosi asitoke mtu. Wewe utashika sumaku, mimi mrija, wakishaona niwaambie mjinga alikuwa nani. Panda kivuko cha asubuhi.

Chai nitachemsha mpya. Ile uliyoiacha niliinywa mimi, nisionekane nimeguswa.

Ni mimi baba yako,
fundi asiyeshindwa, ila na wewe.