Printa Mbili kwenye Orodha

Jumatatu, 3 Machi
Nimefungua saiba, duka letu la intaneti, saa mbili. Nimepanguza kompyuta, nimechomeka printa kwenye tundu la pili la kompyuta, kama kawaida. Kerubo alifika nusu saa baadaye na bosi akamsalimu yeye kwanza. Mimi nina miaka minne hapa Ikonge. Yeye miezi mitatu. Bosi anafungua duka la pili Magwagwa. Mmoja wetu atalisimamia. Nalitaka.

Jumatano, 5 Machi
Flashi ya mwalimu mmoja ilikataa kufunguka. Kabla sijainuka, Kerubo alishaikuta kwenye orodha ya vifaa. Kompyuta iliiona, ila haikuipa herufi ya kuifungulia. Akaipa. Bosi akacheka: "Kemunto, mwanafunzi amekupita!" Nikacheka pia. Namchukia.

Ni mimi niliyemfundisha kwamba kifaa kikichomekwa hujitambulisha: kampuni, aina, na vingine hutaja hata namba yake ya pekee. Sikumwambia kuwa printa yetu haina namba. Kompyuta huijua kwa tundu lake tu. Ukiihamisha, inaandikwa kama printa mpya, na kazi zinazidi kutumwa kwa ile ya zamani.

Ijumaa, 7 Machi
Kesho Sabato, nitakuwa kanisani. Kerubo ni Mkatoliki, atakuwa peke yake dukani. Kabla ya kufunga nimehamisha waya wa printa hadi tundu la nne. Akwame. Bosi aone.

Jumapili, 9 Machi
Jana ilikuja familia yenye msiba kuchapisha programu za mazishi. Walisubiri nusu saa, gari lenye jeneza limesimama barabarani. Mimi nilikuwa naimba kwaya.

Kerubo aliona printa mbili kwenye orodha, moja imefifia. Akajaribu tundu moja moja mpaka iliyofifia ikaamka. Kwa bosi alisema waya ulichomoka. Bosi alipotoka, Kerubo akanigeukia. "Dada, kama hunitaki, niambie tu. Wale watu walikuwa wanalia."



Jumanne, 11 Machi
Kerubo amepewa Magwagwa. Hajanisema kwa bosi. Namwonea wivu hata kwa hilo.

Jumatatu, 17 Machi
Kerubo ameanza kazi Magwagwa leo. Saa nne akapiga simu: skana haionekani. Nikauliza ameichomeka wapi. Kwenye kile kidude cha kuongezea matundu. Nikamwambia umeme wake hautoshi, achomeke kwenye kompyuta yenyewe. Ikaonekana.

"Asante, dada."

Nilitaka aulize kitu kingine. Hakuuliza.