Neoni ya Mwalimu Bartholomeo

Hanifa, acha unachofanya usome hii kabla haijafika kwenu Mbeya. Bartholomeo, yule wa kemia, leo kakaguliwa na mdhibiti ubora. Cheo chake kinategemea kipindi kile kimoja.

Kaanza vizuri. Nguvu ya atomi kuvuta elektroni huongezeka ukienda kulia kwenye jedwali la elementi, hupungua ukishuka. Sahihi kabisa. Halafu kagonga kona ya kulia kwa fimbo: "Kwa hiyo bingwa ni neoni!"

NEONI, Hanifa!

Evarista wa dawati la mbele kasimama. "Mwalimu, neoni ameshashiba, havuti elektroni ya mtu. Bingwa ni florini, jirani yake."

Baridi yote ile ya Kilolo, Barto jasho linamtoka. "Safi! Nilikuwa nawapima tu."

Mdhibiti hakucheka. "Nipeni madaftari ya wiki iliyopita." Na humo wote wameandika neoni, tena wakaipigia mstari chini, kama alivyowasomea.

Evarista tena: "Madam, tumeyaacha bwenini."

Wote arobaini! Lake alikuwa amelikalia. Nimeliona, nilikuwa nimekaa nyuma ya darasa.

Mdhibiti kaandika "vizuri", kaondoka. Evarista kamfuata Barto mlangoni. "Mwalimu, ule mtihani wetu wa Jumamosi..."

"Mtihani upi?" kasema Barto.